Kikombe Kisichojaa

Kikombe kilikuwa cha kauri, kidogo, cha ukubwa ule ambao mtoto akipewa maji ndani yake hurudi kudai mengine. Yasawathi alikuwa amekwisha kumimina nusu ya birika, na kikombe kilikuwa bado hakijajaa.

Mwanzoni hakuna aliyeona. Wasafiri wa basi zima walikuwa wameketi mikekani chini ya mwamba, nguo zao nyeupe, viganja vimekutana kifuani, kila mmoja akinong'ona majina ya wafu wake. Mtawa alikuwa ameshakula sadaka kabla jua halijafika utosini, maana likishafika watawa hawali tena, sala imeanza, na mkubwa wa kundi anamimina maji taratibu mpaka yafurike na kuangukia kisahani. Yakifurika, waliotangulia wamepokea thawabu yao. Yasawathi ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyepewa birika. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi maishani, na hajapata kuona kikombe chenye ubishi.

Walifika hekalu la Mayilagala asubuhi, wakitokea kusini, baada ya kupita vibao vitatu vya idara tatu. Cha kwanza kilisema hekalu ni mali ya kale, marufuku kugusa kitu. Cha pili kilisema msitu ni hifadhi, marufuku kuingia. Cha tatu, kilichoangukiwa na tawi, kilisema Karibuni. Bwana Gunapala, kiongozi wa msafara, ambaye alikuwa mtendaji wa kijiji na alistaafu vyote isipokuwa sauti, aliwasomea vibao hivyo kwa kipaza sauti cha basi, kisha akaamua kutii cha tatu. Wakavua kandambili langoni, wakapanda mwamba pekupeku, wakaweka maua ya yungiyungi miguuni pa Buddha aliyelala pangoni tangu zama za wafalme ambao hata majina yao yamelika na mvua.

Yasawathi alikuwa amemtaja mama yake, amemtaja baba yake, amemtaja marehemu mumewe Piyadasa. Akamalizia, na jamaa zangu wote, akaishia hapo.

"Dada," Kusuma, mdogo wake, alimnong'oneza. Alikuwa amemshika kiwiko kama desturi inavyotaka, ili thawabu ya mmiminaji iwapitie wote. "Mtaje na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Dada, nakuomba. Tumesafiri mbali."

"Mwanangu hajafa. Unataka nimpelekee maji ya maiti?"

"Basi angalau punguza sauti."

Upul alichukuliwa akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule ambao kusini vijana walivunwa kama mafenesi, mabichi kwa mabivu. Gari lilikuwa halina namba. Alikuwa anakula. Alinawa mkono upesi, akamwambia mama yake, "Amma, nifunikie wali wangu kwa kawa, narudi." Miaka zaidi ya thelathini imepita, na kila mchana Yasawathi hupakua sahani moja, huifunika kwa kawa ya ukili, na kesho yake humwagia kuku. Maneno yale hakupata kumwambia mtu, hata Kusuma, ambaye siku zote alidhani kawa ile ni ya mazoea tu. Kwenye ofisi za serikali walimuuliza urefu wa kijana, rangi ya saruni, makovu. Hakuna aliyemuuliza kijana alisema nini, maana fomu haikuacha nafasi. Mwishowe serikali ilimpa hati, yenye nembo na muhuri, ikithibitisha kwamba mwanawe hayupo.

"Hilo nililijua bila muhuri," alimwambia karani.

Karani alimweleza kwa upole kwamba hati haisemi amekufa, wala haisemi yu hai. Inasema hayupo. Yasawathi aliikunja, akaitia kabatini chini ya shuka. Katika mambo yote waliyomfanyia, hilo peke yake alilishukuru: walimwachia mwanawe katikati, na katikati, chini ya kawa ile, ndiko alikokuwa akiishi naye.

Sasa birika lilikuwa limekwisha. Tone la mwisho liliangukia kikombeni, na kikombe kilikuwa na maji ya kulowesha kidole tu.

Bwana Gunapala alikinyanyua, akakigeuza, akakichungulia juani kama noti ya bandia. Hakikuwa na ufa. Kisahani chini yake kilikuwa kikavu.

"Ni joto," alitangaza. "Ukanda huu maji hukauka haraka."

Yangekuwa maelezo ya kutosha ofisini. Lakini mtawa mzee, aliyekuwa akiishi pale peke yake, aliikata sala katikati, akakitazama kikombe, kisha akaitazama hewa iliyo juu ya kikombe.

"Mama," alisema polepole, "umewaita jamaa zako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa majina?"

"Kwa majina. Kisha nikasema, na jamaa zangu wote."

Mtawa alishusha pumzi. "Msitu huu una wengi wasio na jamaa. Wakisikia neno hilo, husogea."

"Wafu wa zamani?"

"Wapo wa zamani," alisema mtawa, na hakuongeza la wengine. Akamwashiria kijana wa basi alete birika la pili, na hilo pia likaenda lote kabla kikombe hakijafurika kwa shingo upande, tone moja, kama mtu anayeachia kwa sababu wenyeji wanamwangalia.

Langoni kandambili za watu wote zilikuwa zimeungua kwa jua. Za Yasawathi zilikuwa baridi, na ndani zina maji.

Njiani kurudi, kiti cha pembeni yake kilikaa kitupu ingawa wawili walikuwa wamesimama. Kila aliyekikaribia alikumbuka ghafla kuwa anapenda kusimama. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea kusini, ikaja harufu. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akazunguka, akapiga kila tairi teke.

"Tairi zote nzima," alisema aliporudi. "Sijui nini kinaungua."

Alikuwa kijana, amezaliwa baadaye. Wazee wote ndani ya basi waliijua harufu ile, harufu ya mpira wa gari unaoungua pamoja na kitu ambacho si mpira, kwa maana mwaka ule wa Upul ilikuwa ikiwangojea njia panda kila asubuhi, na hakuna aliyepata kuizungumzia tangu hapo. Bwana Gunapala alikifungua kipaza sauti, akakaa nacho mkononi, akakifunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akikosa tangazo.

*

Nyumbani, mchanga ulianza kwanza.

Yasawathi alipika wali, akafunua chungu, akakuta juu ya wali safi umetandazwa mchanga mweupe, laini, wa aina isiyopatikana kijijini kwao wala popote karibu. Aliuona mara ya mwisho kwenye uwanja wa hekalu la Mayilagala, ukiwa umefagiliwa mistari na ufagio wa mtawa. Akamwaga, akapika tena. Mchuzi wa dengu ukachacha motoni. Dagaa wakakutwa na nywele. Chochote alichopika kiliharibika, isipokuwa sahani moja: ile iliyofunikwa kwa kawa ilibaki nyeupe, kila punje imesimama peke yake.

"Unaona?" Kusuma alisema. Alikuwa amehamia pale na kigodoro chake, kwa madai kwamba paa lake linavuja. "Sahani ya Upul haiguswi. Kwa nini haiguswi, dada?"

"Kwa sababu si yake huyo."

"Au kwa sababu ni yake, na hawezi kula! Ametoka nawe kule. Amekuja na harufu ile. Dada, uchungu wa mwana aujua mzazi, mimi sina wa kunifundisha hayo, lakini…"

"Basi usiufundishe."

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, saa ambayo vivuli hujikunyata chini ya miguu na hata kunguru hunyamaza, Yasawathi alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia kitu nyuma yake kikimeza mate, si kama mlafi anayeona chakula, bali kama mtu ambaye koo lake limekuwa jembamba kama tundu la sindano na anajaribu kupitisha humo hamu ya miaka yote, kikameza tena, na tena, na ile harufu ya mpira ikamjia shingoni ikiwa na joto la pumzi, na pembeni mwa jicho lake, maana hakuthubutu kugeuka, aliona vidole vikipapasa ukingo wa chungu, vyembamba kama njiti za ufagio, vyeusi, vikiokota punje ya wali, na punje ile ikageuka mchanga kabla haijafika popote.

"Amma," kilisema. "Njaa."

Kipande cha nazi kilimponyoka Yasawathi. Hakupiga kelele. Alitoka nje akitembea, akakaa juani kwenye kizingiti, na Kusuma alipomkuta alikuwa akikung'uta mapaja yake yaliyokuwa hayana kitu.

"Kimeniita Amma," alisema.

Kusuma akaziba mdomo kwa mkono. "Sauti yake?"

"Sijui." Na hilo lilimuuma kuliko yote. "Kusuma, siikumbuki sauti yake."

*

Mganga Odiris alikuja kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, jogoo mwekundu kapuni. Kwenye kitambulisho chake serikali ilikuwa imemwandika msanii wa utamaduni, kwa kuwa katika kazi zote zilizotambuliwa hapakuwa na mtoa pepo. Alikivaa shingoni hata akiwa kazini.

Alizunguka nyumba, akanusa, akaonja mchanga kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Pepo wa njaa," alisema. "Hana ubaya. Ana njaa tu, na njaa ikikaa sana inafanana na ubaya. Naweza kumfunga. Nitamtegea nyama ya kukaanga na pombe, akija kunusa namtia chupani, naifunga kizibo kwa nta, naitupa baharini. Kesho mnakula vizuri."

"Na huko chupani?" Yasawathi aliuliza.

"Huko chupani ni chupani, mama."

"Na kama ni mwanangu?"

Odiris alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata alipoingia ndani. Kila nyumba ya kijiji kile ilijua habari ya Upul, na nusu ya nyumba hizo zilikuwa na Upul wao.

"Kama ni mwanao," alisema kwa sauti ndogo, "hahitaji mimi. Mwalike mtawa wa kijiji, toa sadaka, mimina maji, umtaje kwa jina. Akiwa ni yeye atayanywa, kikombe hakitajaa, kisha atakwenda. Lakini ukimtaja, mama, umemzika. Maji hayo hayana mahali pa katikati."

"Nipe njia nyingine."

"Sina nyingine. Chupa au jina."

Alipoondoka, dada wawili walikaa kizingitini. Mle jikoni kilisikika kikimeza mate.

"Tufunike kombe, dada," Kusuma alisema machozi yakimtoka. "Tumwache Odiris afanye kazi yake, tusijue."

"Nimetosheka kutojua." Yasawathi alisimama, akashika ukuta. "Kama ni yeye, amekaa na njaa miaka yote hii kwa sababu ya mdomo wangu. Kamwite mtawa."

*

Sadaka ilitolewa asubuhi, kwa wali uliopikwa nyumbani kwa jirani. Bwana Gunapala alikuja bila kualikwa, akakagua kikombe mapema, akatangaza kuwa ni kizima. Mtawa wa kijiji akaanza sala. Kusuma akamshika dada yake kiwiko, na mdomo wa birika ukawa unagonga ukingo wa kikombe kama meno ya mtu mwenye baridi.

"Kwa mwanangu," alisema Yasawathi. Akakohoa. Harufu ya mpira ilijaa chumbani, ikamfikia kila mtu, na kila mtu akatazama mkeka wake. "Kwa mwanangu Upul. Popote alipo. Apokee."

Alimimina. Maji yalipanda, yakafika ukingoni, yakafurika, yakajaza kisahani, yakashuka mkekani, yakaifikia miguu ya Bwana Gunapala. Hakuna aliyeyanywa.

Yasawathi alianza kucheka. Alicheka kama msichana, meno mawili yaliyobaki yakionekana yote, akamshika mdogo wake mabega.

"Siye! Kusuma, siye! Hayuko huko. Mwanangu hayuko huko!"

Na kutoka mlango wa jikoni, taratibu, kama mtoto anayeona wenzake wamegawiwa, sauti ikasema, "Na mimi, Amma?"

Kicheko kikakatika. Wageni walikuwa wameshatoka mbio; mtawa peke yake alibaki, macho chini, akiendelea kusoma kwa sauti iliyopotea.

"Wewe ni nani?" Yasawathi aliuliza.

"Nimesahau."

"Mwana wa nani?"

"Wa mama." Kikameza mate. "Hajanitaja. Anasema nitarudi."

Yasawathi alikaa kitako. Kuna maneno yanayompiga mtu mahali asipoweza kuweka mkono. Alimwona mwanamke mwingine, mahali fulani, huenda karibu na msitu ule, huenda ana kabati na ndani yake hati chini ya shuka, akimpenda mwanawe kwa mapenzi yale yale, siku baada ya siku, mpaka koo la mwanawe limekuwa tundu la sindano. Alilivuta birika.

"Kwa mwana wa mama mwenzangu," alisema, "asiye na jina."

Kikombe kilikauka kadiri alivyomimina. Birika zima lilikwenda. Kisha harufu ikainuka chumbani, kama kilemba kinavyofunguliwa, ikatoka dirishani, na wali wa mchana ule ulikuwa mtamu hata Kusuma akalia.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini wenye njaa nao wana maneno yao, na habari ya nyumba yenye kupakua haifichiki. Kabla wiki haijaisha, kizingiti kilikutwa na nyayo za maji, za miguu pekupeku, mbili. Kisha nyingi. Kisha njia yote toka lango hadi jikoni ikawa imelowa, na mchanga ukarudi chunguni.

Yasawathi hakumwita Odiris. Kila asubuhi alimpa mtawa wali mlangoni, na kila jioni, jua likizama nyuma ya minazi, aliketi na birika lake. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Upul. Alilitaja jina lake kwa sauti, akamimina, na maji yakafurika. Usoni mwake mlikuja wakati huo furaha ambayo Kusuma aliiogopa kuliko mapepo. Baada ya hapo aliwamiminia wengine, wana wa mama wenzake, mpaka mkono ukafa ganzi.

"Umekuwa idara," Kusuma alimwambia siku moja, kwa ule utani wa mtu aliyechoka.

"Idara ingewaambia waje kesho."

Ikaja siku mchanga ulikijaza chungu chote hadi shingoni. Walikuja wapya, wengi. Kusuma alikwenda kwa jirani kuomba mchele, na jirani, aliyeziona nyayo, hakufungua. Mtawa alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, bakuli mikononi, kimya, na jua linapanda. Katika nyumba nzima palikuwa na wali safi mahali pamoja tu.

Yasawathi aliitazama ile kawa kwa muda. Mwanawe yu hai, alijiambia. Kila jioni maji yanashuhudia. Mtu hai hawezi kukosa pa kula siku moja. Akaiinua kawa, akaumimina wali kwenye bakuli la mtawa, akairudisha sahani tupu mezani bila kuifunika, mara ya kwanza tangu Upul achukuliwe.

Jioni aliketi, akataja jina, akamimina.

Maji yaliingia kikombeni, na kikombe hakikujaa.

Akamimina zaidi. Kusuma alimshika kiwiko, kisha akamshika mkono mzima. Birika likaisha. Kisahani kilikuwa kikavu kama kule msituni.

"Dada," Kusuma alinong'ona.

"Nyamaza." Sauti ya Yasawathi ilikuwa ya ukali. "Ni hawa. Kila jioni nimelitaja jina lake mbele yao. Nani kati yao asiyelijua sasa?"

Na kweli, kutoka ukumbini, kutoka chini ya dirisha, kutoka njia yote iliyolowa hadi langoni, sauti zikaanza kuinuka, kavu, nyembamba, zikisukumana kama watu waliokaa foleni siku nzima na dirisha linataka kufungwa: mimi ndiye Upul, Amma, hapana, Upul ni mimi, ni mimi, Amma, nitaje mimi.

"Waongo!" Yasawathi aliwafokea, na katika kufoka kwake palikuwa na kicheko, maana pumzi yake ilikuwa imerudi. "Waongo wakubwa! Mtakunywa wote, mtangoja zamu! Lakini mwanangu si wa kuibwa jina!"

Wakanyamaza, kama watoto waliogombezwa.

Katika kimya hicho, mle jikoni, juu ya meza, kitu kilisogezwa. Kilikuwa kitu chepesi, cha ukili. Kiliinuliwa, kikakaa hewani kidogo, kikarudishwa polepole juu ya sahani tupu.

"Amma," ilisema sauti moja, bila haraka, na papo hapo aliikumbuka. "Si nilikwambia unifunikie?"